Miaka 14 nimeupa mpira mgongo

Swali: Dada, kamwene. Nina miaka 27, natangaza michezo kwenye redio hapa Iringa, huu mwaka wa nne. Juzi nimeitwa Dar es Salaam na kituo kimoja cha televisheni, mkataba wa mwaka mmoja, niwe ripota wa michezo wa uwanjani. Nikiwa sekondari nilikuwa nakuona kwenye taarifa ya habari, uko uwanja wa Samora hapa Iringa au Sokoine kule Mbeya na maiki yako, nikasema na mimi nitakuwa vile. Sasa nasikia uliacha wakati watu bado wanakupenda, ukarudi Mbeya unalima. Kazi ilikuwaje? Unajuta kuingia au unajuta kuacha? Na mimi niende? Mchumba wangu ni mwalimu Mafinga, habari hizi hataki hata kuzisikia.

Jibu: Kamwene, mdogo wangu. Nianze na hilo la kuniona. Wewe ulikuwa unaniona mimi, na nyuma yangu unaona jezi, vumbi, vijana wamekaa juu ya ukuta. Mimi nilikuwa naiona kamera. Ripota wa uwanjani anasimama akiupa mpira mgongo, na nimesimama hivyo tangu 2005 hadi 2019. Nikishuka sokoni hapa Uyole kuna wanaonikumbuka, wananiambia, "Wewe dada mpira umeuangalia mpaka ukakinai." Namwitikia mtu, nalipa nyanya zangu, naondoka. Mechi nilizokwenda ni mamia. Nilizoziangalia tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, nimekaa, sina kalamu mkononi, hazizidi vidole vya mikono miwili.

Chukua Aprili 2014. Mbeya City walikuwa wamepanda Ligi Kuu msimu ule ule na walikuwa wanamnyima kila mtu usingizi. Azam wakaja Sokoine wakiwa hawajafungwa tangu ligi ianze. Wakashinda 2–1, wakachukua ubingwa wao wa kwanza pale pale kwetu. Yanga wakamaliza wa pili, Mbeya City wa tatu, Simba wa nne. Kwa mtu wa Mbeya hiyo ni mechi ya kusimulia wajukuu. Sasa niulize bao la pili la Azam liliingiaje. Nilikuwa nyuma ya jukwaa nabishana na kijana wa jenereta aliyesema mafuta yameisha na hela ya mafuta hajapewa. Nikasikia uwanja mzima umenyamaza. Ukimya wa watu wa Mbeya una uzito wake. Nikajua wageni wamefunga, nikamwambia yule kijana tutamalizana baadaye, nikakimbia kumuuliza mpiga picha wangu kama amelipata. Alikuwa amelipata. Nililiona usiku, kwenye kompyuta, nikilipimia sekunde sita za kulionyesha.

Nakwambia haya kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani naipenda kazi hii kwa kuwa naupenda mpira. Nimezaliwa Tukuyu. Mwaka 1986, Tukuyu Stars walipopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara papo hapo, nilikuwa na miaka sita. Televisheni hatukuijua. Bara haikuwa na kituo hata kimoja. Vya kwanza vilianza 1994. Tulikuwa na redio ya baba ya betri, na sauti ya Radio Tanzania ikija na kupotea kila wingu lilipopita. Mpira kwangu ulianza kama maneno ya mtu nisiyemwona. Nilipokuja kuelewa hilo nilikuwa nimeshafanya kazi miaka kumi: nilichokuwa nakipenda ni yule msimuliaji. Kwa hiyo kabla hujaniuliza niende nisiende, jiulize wewe redioni unapenda nini. Ukiwa unapenda mpira, baki Iringa, nunua king'amuzi, utaufaidi. Ukiwa huwezi kulala bila kumsimulia mtu kilichotokea, endelea kusoma.

Nilianza kama mwandishi wa mkoani. Nililipwa kwa stori: elfu tano kwa stori iliyorushwa, na isiyorushwa, pole. Mechi ilianza saa kumi jioni Jumamosi na kwisha saa kumi na mbili kasoro. Intaneti ya kurusha picha haikuwepo, kwa hiyo tulisafirisha kanda. Nilikuwa na chumba Mafiati. Naandika stori kwa mkono, najifunika blanketi zito kichwani pamoja na maiki ili sauti isirudishe mwangwi wa ukuta, naisoma mle ndani jasho likinitoka na baridi ya Mbeya nje. Saa kumi na moja alfajiri niko stendi. Mabasi yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku, yote yanaondoka alfajiri. Namtafuta konda mwenye sura ya utu, nampa bahasha iliyozungushiwa gundi ya karatasi yenye namba mbili za simu, yangu na ya dereva wa pikipiki wa ofisini, na hela ya soda. Kuanzia hapo ni kuhesabu: sasa wako Makambako, sasa Mafinga, sasa Ipogolo wanakula, sasa wanateremka Kitonga, sasa Mikumi. Likifika Ubungo kabla ya magharibi, bao la Jumamosi linaonekana Jumapili saa mbili usiku. Lisipofika, bao limekufa.

Kanda moja ilipotea siku nne. Ikaja kupatikana chini ya magunia ya viazi yaliyoshushwa Morogoro, mtu mwema akapiga ile namba. Ilifika ofisini Alhamisi ikinuka udongo wa Mbeya. Mhariri akanipigia, nikajua nagombezwa. Akasema, "Picha zako nzuri. Viazi je, vinauzwaje huko?" Elfu tano sikupata.

Nyinyi mmekuta mambo yamerahisika, watu wanasema. Yamerahisika upande mmoja. Nilipohamia Dar na baadaye tukaanza kwenda mubashara, tulipewa begi la mgongoni lenye laini za simu kadhaa ndani, za mitandao tofauti. Linagawa picha vipande vipande, kila laini inabeba kipande chake, studio inaviunganisha. Kazi nzuri kabisa, mpaka uwanja ujae. Watu elfu kumi wakitoa simu zao wapige picha, minara inaelemewa, na begi lako linashindwa kupeleka hata sauti. Dawa yake ni kuukimbia umati. Mechi ya Mbeya City na Prisons, wenyewe kwa wenyewe, Wagonga Nyundo na Wajelajela, niliiripoti nikiwa nje ya ukuta, mbele ya duka la Mangi mmoja, watoto wawili wananivuta koti. Nilikuwa mita mia mbili kutoka kwenye mpira. Aliyekuwa anauangalia kwenye kibanda umiza kule Njombe alikuwa karibu nao kuliko mimi.

Na picha inachelewa sekunde kadhaa kufika, kwa hiyo mtangazaji wa studio akikuuliza swali unasimama kama mtu aliyepigwa butwaa mpaka likufikie. Ukitabasamu mapema unaonekana umechanganyikiwa, ukichelewa unaonekana hujui. Nilijifunza kutikisa kichwa polepole muda wote, kama mzee anayesikiliza shauri. Watu wakanisifu kuwa ni msikivu.

Hapo sasa kwenye ufundi, maana wewe unatoka redioni na utahitaji kuacha baadhi ya vitu. Redioni unasema, "Anauchukua, anauweka mguu wa kushoto, anaangalia." Kwenye televisheni mguu kila mtu ameuona. Mwambie kile ambacho picha haina: kwamba huyu kijana wiki iliyopita hakupangwa, kwamba kocha alikuwa amenyoosha kidole kona ile ile dakika mbili kabla. Stori ya sekunde 90 inabeba maneno kama 180 ya Kiswahili ukisoma bila kukimbizana. Toa ya kocha na ya shabiki, unabaki na maneno mia moja, hata hayafiki. Sasa mtu ana maneno mia moja, anatumia kumi na nne kusema timu "imeibuka na ushindi mnono katika mchezo wa kukata na shoka uliopigwa kwenye dimba la". Ukiandika hivyo nitakufuata huko huko Dar.

Usimuulize kocha anajisikiaje. Atamshukuru Mwenyezi Mungu, atawashukuru vijana wake kwa kufuata maelekezo, atasema mpira ni dakika tisini, na wewe utakuwa umetumia sekunde zako zote kupokea salamu. Muulize kitu kimoja kilichotokea: dakika ya sabini umemtoa beki ukaingiza mshambuliaji, uliona nini? Hapo hata aliyekasirika atajibu, kwa sababu umemwonyesha kuwa ulikuwepo. (Ndiyo, naijua kejeli ya mimi kusema hivyo. Mpiga picha wangu ndiye aliyekuwa akininong'oneza dakika na mabadiliko. Mtunze mpiga picha wako. Mnunulie chai kabla hujanywa yako.)

Kuna siku moja sijawahi kuisimulia hadharani. Mvua ya Machi, Sokoine, mvua ile ya kwetu inayoanza kama mzaha na kuishia kama imetumwa. Uwanja ni tope, jezi zote zimekuwa rangi moja, namba mgongoni hazisomeki. Timu moja ina wachezaji wawili ambao majina yao yote yanaanza na Mwa, kama yalivyo majina mengi ya kwetu, na maumbo yao ni kama ya mapacha. Bao likafungwa kwa kichwa katikati ya rundo la watu. Nikamuuliza jirani yangu ni nani, akanitajia mmoja. Sikuuliza mtu wa pili. Taarifa ya saa mbili nikalitangaza jina hilo kwa nchi nzima, na chini ya picha tukaliandika.

Asubuhi nilikuwa stendi nikisubiri gari la ofisi. Kijana akanijia, ana begi la mazoezi, amevaa kandambili, miguu bado ina alama za tope kwenye kucha. Akanisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo dada." Nikamwitikia. Akasema, "Dada, lile bao la jana nilifunga mimi." Lilikuwa bao lake la kwanza Ligi Kuu. Kijijini kwao walikuwa wamechanga, wamekodi jenereta na televisheni, wamejazana kwa mwenyekiti wa kitongoji kumwona mtoto wao. Wakaliona bao, wakasikia jina la mtu mwingine. Mama yake akampigia simu usiku kumuuliza kama amewadanganya.

Hakunitukana. Alisimama tu pale, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake akaambiwa hauko. Nilimwomba radhi, nikampigia mhariri, tukarekebisha kwenye taarifa ya jioni, sekunde kumi, baada ya habari ya ndondi. Hakuna anayekodi jenereta kwa ajili ya marekebisho.

Tangu siku ile nilikuwa naingia uwanjani saa nzima kabla, nakwenda kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, nakaa mlangoni, namuuliza kila mchezaji mgeni aniambie jina lake kwa mdomo wake, nalirudia mpaka anikubalie. Nilikuwa naandika pia alama zisizofutwa na tope: huyu ana bendeji goti la kulia, huyu anakimbia kakunja ngumi, huyu viatu vyake vya kijani. Daftari hizo ninazo bado, zimejaa watu waliokunja ngumi.

Barabara nitaisema kwa kifupi, kwa sababu mama akisoma hapa atanuna. Hatari ya kazi hii haiko uwanjani, iko barabarani. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na ofisi nyingi zikikosa hela ya kulala wageni zinakwambia mrudi usiku huo huo. Nimewahi kuuteremka mlima Kitonga saa nane usiku nikiimba nyimbo za kwaya zote ninazozijua ili dereva asisinzie, mpiga picha amelala na kamera kifuani kama mtoto. Uliza kabisa, kabla ya kusaini: mechi ikiisha jioni mkoani, tunalala au tunarudi? Jibu lao litakueleza ofisi ni ya namna gani.

Na bahasha. Utapewa. Itaitwa nauli, itaitwa ya maji, itatoka kwa kiongozi wa timu mwenye tabasamu. Mimi nilipokea mara moja, mwaka wangu wa pili, nikiwa sina hela ya kodi. Wiki iliyofuata timu ile ile ilikuwa haijawalipa wachezaji mishahara, nikamsogelea yule kiongozi nikiwa na swali, akanitazama, akatabasamu vile vile. Swali likarudi tumboni.

Kwa kuwa sisi ni wanawake nitaongeza hili moja: ukifika kwenye uwanja wa mkoani usioujua, uliza choo kabla hujauliza kikosi. Maneno ya jukwaani utayazoea, au utajifanya umeyazoea, ambayo kwa kazi hii ni kitu kile kile.

Sasa Jumamosi. Hapa ndipo mchumba wako ana haki ya kununa, na nadhani hata yeye hajui sababu yake halisi. Kazi nyingi zinakuchukulia saa. Hii inachukua Jumamosi na Jumapili, na kwetu sisi maisha yote yamepangwa Jumamosi na Jumapili: harusi, kipaimara, vikao vya ukoo, kumaliza tanga. Mwalimu anapumzika Jumamosi na Jumapili. Wewe utapumzika Jumanne, na Jumanne yeye yuko darasani Mafinga, na Mafinga kutoka Dar ni safari ya kutwa nzima. Piga hesabu ya mwaka mtakaa pamoja siku ngapi. Msikadirie, andikeni kwenye karatasi.

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Hiyo ni mechi 380. Miaka mitano nyuma, timu zilipokuwa 14, zilikuwa mechi 182. Mechi ziliongezeka mara mbili na zaidi, sisi tulibaki watu wanne. Huku kwetu peke yake kulikuwa na Mbeya City, Prisons na Lipuli ya nyumbani kwenu, na kila Dar walipohitaji mtu wa Nyanda za Juu walinitazama mimi. Juu ya hayo Lipuli wakawatoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, pale Samora. Unakumbuka Iringa ilivyokuwa jioni ile. Bila shaka ulikuwepo. Fainali ikapangwa na Azam, Uwanja wa Ilulu, Lindi, tarehe 1 Juni 2019. Jumamosi.

Tarehe hiyo hiyo mdogo wangu wa mwisho alikuwa anafunga ndoa Tukuyu. Tarehe ya harusi ilitangulia kupangwa, miezi mingi. Niliomba ruhusa, nikaambiwa hakuna mwingine anayewajua Lipuli. Ilikuwa kweli, hakuna. Nami, nisikufiche, moyoni nilifurahi kuambiwa hivyo. Nikaenda Lindi.

Azam wakashinda 1–0. Wakati kanisani wanavishana pete, binamu yangu alinipigia kwa WhatsApp, video. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye kivuli cha gari letu, joto la Lindi linachemsha, simu nimeifunika kwa karatasi ya vikosi ili nione. Picha inakwama, inaenda, inakwama. Iligandia kwenye uso wa mama. Mama hakuwa anamwangalia bibi harusi, alikuwa anaiangalia simu, yaani ananiangalia mimi. Mpiga picha akaniita, "Dada, dakika tatu." Nikainuka, nikapangusa uso, nikageuka kuipa kamera uso na mpira mgongo, nikasema Lipuli, Wanapaluhengo, wako mbali na nyumbani leo. Sentensi hiyo walinisifu sana ofisini.

Mkataba wangu ulipoisha sikusaini mwingine. Hakukuwa na ugomvi. Nilirudi, baba akanipa kipande cha shamba Rungwe, nikapanda parachichi, nikafungua kitalu cha miche hapa Uyole. Mara moja kwa wiki vijana wa redio wanakuja nawafundisha kusoma stori, bila blanketi.

Unauliza najuta kuingia au kuacha. Kuingia sijuti. Ninachokikumbuka mpaka leo mwili unasisimka ni zile saa mbili kati ya filimbi ya mwisho na taarifa ya saa mbili usiku: picha hazijapangwa, stori haijaandikwa, mhariri anahesabu dakika kwa sauti, na wewe unaijua sentensi ya kwanza tu. Sijapata kitu kingine kinachofanana na hicho, na parachichi haina habari nacho. Ninalojuta ni Lindi. Na si kwamba nilienda. Najuta kwamba niliombea ruhusa kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaka kukataliwa.

Kwa hiyo, niende au nisiende? Nenda, ukiwa ni msimuliaji. Lakini mkataba ukupe kitu zaidi ya furaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, mapumziko ni saa 24 mfululizo kila wiki, na ukikubali kufanya kazi siku yako ya mapumziko unalipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84 zenye malipo. Watakwambia michezo haina saa. Waambie mshahara una saa. Uombe siku ya mapumziko iandikwe kwa jina lake, na uombe wikiendi nne kwa mwaka unazochagua wewe mapema, ziingie kwenye mkataba. Nne ni chache, hawatazimia. Mimi ningekuwa nazo nne, moja ingekuwa 1 Juni. Hakikisha pia mambo yako ya ithibati ya uandishi wa habari yako sawa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, usije ukazuiwa getini na begi mgongoni.

Mchumba wako usimbembeleze. Mchukue Jumamosi moja aje akuone ukiwa kazini Samora, kuanzia asubuhi mpaka umalize. Akiondoka bado anasema hapana, atakuwa anasema hapana kwa kitu alichokiona.

Novemba 2022 Yanga walikuja Mbarali kucheza na Ihefu, wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Nilipanda gari hadi Rujewa, nikachukua bodaboda hadi Ubaruku, nikalipa kiingilio kwa hela yangu, nikakaa Highland Estate na karanga zangu kwenye karatasi ya daftari. Yanga wakatangulia kufunga. Ihefu wakasawazisha, wakaongeza, 2–1. Katikati ya kelele simu ikaita, namba ya ofisi ya zamani; bila shaka wamesikia nipo kule, wanataka sauti. Niliiweka mfukoni. Mzee aliyekaa karibu yangu akaniuliza bao la pili limefungwa na nani, maana yeye macho hayaoni mbali. Nikamwambia jina, nikamwambia lilivyoanza, nani alimpa nani. Akaniuliza tena. Nikamsimulia tena.

Jambo moja dogo: mabuti yako ya mvua na koti zito usiyabebe kwenda nayo Dar. Yaache kwa mama hapo Iringa. Mechi za Mbeya, Iringa na Njombe watakutuma wewe, watasema wewe ni wa kule, na utakuwa unapita Ipogolo alfajiri bila muda wa kutafuta nguo. Mama akupelekee stendi. Angalau mtaonana.